Hakimo Kwenye Orodha

Jiwe nililifinyanga mwenyewe, saruji na maganda ya chaza,
nikalilaza Mwambani, kwenye maji ya kiuno,
nikaliachia bahari mwaka mzima na miezi miwili.
Siku ya kulirudisha Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
limeviringishwa gunia bichi, juu ya mapaja yangu kama mtoto mgonjwa,
nilidhani nimebeba jiwe.

Nikaandika daftarini, maana mkono umezoea:
Jiwe, moja. Uzito, kilo kumi na moja. Mwani mwekundu, kiasi.
Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa forodha;
kitu kisichoandikwa hunikosesha usingizi.

Usiku wa kwanza: tak.
Kavu, kama mtu anayealika vidole gizani.
Nikakurupuka kukagua kioo, isije ikawa ufa. Hakuna ufa.
Tak.
Mjukuu wangu Rukaiya akasema ni jini.
Mama Nuria wa ukuta wa pili akasema
ndiyo shida ya kuweka bahari sebuleni,
bahari haiji peke yake.

Nikaifunga kurunzi karatasi ya peremende, nyekundu,
nikakaa kwenye kigoda, magoti yakinilaumu,
nikawaona.
Mnyoo wa manyoya, mrefu kuliko uzi wa shanga zangu,
anajitoa tunduni na hamalizi kujitoa.
Kaa wa ukubwa wa kucha, miguu ina vinyweleo,
anakula mwani mkono huu, mkono huu,
kwa adabu, kama mtu aliyealikwa hitimani.
Kiua chenye mwili wa kioo: nilikikata Jumatatu,
Alhamisi vilikuwa vitano.
Na kwenye shimo la chini, upande unaotazama ukuta,
jicho. Au si jicho.
Kitu kinachojua kwamba ninakitazama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ya tatu alikwishajipatia kazi:
konokono wangu wawili, chali, maganda matupu,
safi kama vikombe vilivyosuuzwa.

Nikatega. Chupa ya soda, shingo imegeuzwa ndani, kipande cha dagaa.
Asubuhi dagaa hayupo, na chupani hamna mtu.
Nikatega tena, kwa ngisi. Akaingia kaa yule wa adabu,
tukatazamana, aibu ikanishika mimi.
Nikamtoa.
Usiku: tak.

Dawa yake naijua. Jiwe unaliweka kwenye beseni,
shimoni unamimina maji ya moto, basi.
Birika likapiga mluzi. Nikalishika kwa kitambaa.
Nikainama.
Ndani ya jiwe, nje ya maji,
tak. Tak.

Mwaka wa themanini na nane, meli imetia nanga nje,
tishari la mwisho limekwisha kushusha mzigo wake,
mimi kijana, buti za kuazima, daftari kwapani,
nimeteremka ngama ya tatu kuhesabu marobota ya katani.
Nyuma ya marobota mtu akagonga chuma.
Mara mbili.
Labda hakujua kuna mtu. Labda alijua.
Labda alikuwa anaomba nisiseme,
labda alikuwa anaomba nimtoe,
na sauti ya chuma haina irabu za kutofautisha.
Safu ya mwisho ya fomu: Visivyomo kwenye orodha.
Nikaandika: Hakuna.
Nikapanda ngazi, nikala wali wa mabaharia, nikarudi nchi kavu.
Sijui kama alifika. Sijui kama alikuwa peke yake.
Hadi leo sijui kama ule ulikuwa wema.

Maji ya birika nikayapikia chai.
Jiwe nikalirudisha polepole, shimo likitazama ukuta kama alivyopenda.
Konokono sinunui tena.

Kisha daftari. Chini ya mwani mwekundu, kiasi,
nikaongeza mstari, kwa wino mweusi:
Mmoja. Hajulikani. Anagonga.