Kilichoachwa

Treni ya saa kumi na moja na robo alfajiri, Lublin,
mwezi wa Februari, pumzi za abiria zikining'inia
kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Begini: mayai mawili ya kuchemsha, kurasa kumi na nne,
mada niliyopewa dakika ishirini kuisema:
*Mali Isiyo na Mwenyewe.*

Ni mbali hadi Szczecin.
Miaka ishirini na sita nafundisha jambo hili moja:
kilichopotea si kilichosahauliwa,
kilichosahauliwa si kilichoachwa,
na kilichoachwa (hapo hugonga meza,
wanafunzi wa nyuma wazinduke)
sharti kiachwe kwa nia.
Bila nia, kitu bado kina mwenyewe,
hata kikila kutu, hata kikiliwa na nondo.

Warszawa alishuka mama na mtoto
aliyekuwa akilia tangu Dęblin.
Kitini ikabaki glavu. Nyekundu. Moja.
Kidole gumba kimeshonwa upya kwa uzi wa buluu.
Kanuni ninaijua, naweza kuisema usingizini:
mwokotaji atoe taarifa bila kukawia.
Mwokotaji akatazama huku, akatazama kule,
akaitia mfukoni.

Ukumbini walikuwa tisa,
wawili wamefuata joto tu, nje mvua ya barafu.
Dakta Kulesza, mwenyekiti wa kikao,
akaninong'oneza kwamba dakika zangu sasa ni kumi na mbili,
nyingine zimeliwa na bwana wa Poznań.
Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta miwani,
nikatoa glavu, mbele ya kipaza sauti.

Kicheko. Mzee wa safu ya pili,
wakili mstaafu, Ignacy Tomczuk kwa mujibu wa beji,
akasimama kabla sijaanza:
"Profesa, hiyo umeiokota au umeiiba?"
Nikasema tutafika huko. Hatukufika.

Mwishoni aliinua mkono tena, safari hii polepole.
"Kitu huwa kimeachwa lini?
Siku mwenyewe anapoondoka,
au siku anapokoma kukusudia kurudi?
Na hiyo siku ya pili, nani huiona?"

Jibu ninalo. Liko ukurasa wa tisa, na tanbihi nne.
Nikafungua kinywa
nikaona koti la Zenon,
la sufu, la kijivu, kabatini mwangu upande wa kushoto,
huu msimu wa nne wa baridi,
nami kila Novemba nalipiga brashi,
natia kipande cha sabuni mfukoni kuzuia nondo,
kama niliyekabidhiwa amana.
Hakusema tupa. Hakusema tunza.
Wala hatukuachana:
yeye aliacha, mimi niliachwa.
Kitenzi kimoja, silabi chache tu zimeongezwa,
na tazama kinavyouma.

"Nia," nikasema. "Lazima ithibitishwe."
"Na nani?"
Mwenyekiti akagonga glasi. Muda umekwisha.

Usiku walitupa supu ya bitiruti na samaki wa chumvi,
watu wakasemezana vyeo, pensheni, goti la mkuu wa kitivo.
Nilitoka mapema. Mto Odra ulikuwa umeganda kingoni tu,
katikati maji yalikwenda zao, hayana kesi na mtu.

Asubuhi, stesheni, dirisha la vitu vilivyookotwa.
Karani kijana, mafua tele.
"Kitu?" Glavu. "Ngapi?" Moja.
"Thamani?"
Nikaufikiria ule uzi wa buluu,
mkono ulioushona, usiku gani, chini ya taa gani.
"Andika nusu."
Akanitazama, akaandika sifuri,
akapiga muhuri.
"Isipofuatwa, mama, itakuwa yako."

Nilifika nyumbani saa nne usiku, sijavua viatu,
nikampigia Zenon. Simu ikaita, ikaita, ikaita.
Nikaacha ujumbe, mfupi, wa kikazi:
Una koti huku.
Natoa taarifa.
Uniwie radhi, nimekawia.