Kofia Mwanzoni, Dola Mwishoni

Saa tisa usiku, Aberystwyth.
Mvua inachapa vigae vya mawe,
na Gwenllian Prytherch, miaka sitini na minane,
soksi mbili kila mguu,
anasoma barua ya kijana asiyemjua:

*Mashine zetu zimeganda. Maduka yetu yote ya Osaka
yamesimama kwa sababu ya mstari mmoja.
Tunatumia maktaba yako. Tusaidie.*

Maktaba yako! Anacheka peke yake.
Haina rafu, haina vumbi,
haina mtu wa kukwambia nyamaza.
Ni mistari elfu arobaini ya msimbo
aliyoianza akiwa na mimba ya Tegid,
na kazi yake ni moja: uipe umbo,
ikuchambulie lundo la maandishi
hadi ipate kinachofanana nalo.

Alama zake anazijua kama watoto wa mtaani kwake.
Nukta humpokea yeyote,
herufi, tarakimu, hata nafasi tupu, haiulizi jina.
Nyota ni mlafi: mwandalie, atakula na sahani;
ila ukimbandika alama ya kuuliza mgongoni
anageuka mvivu, anaonja, anaacha.
Kofia husimama mwanzo wa mstari.
Dola husimama mwisho,
na hiyo ndiyo dola pekee
ambayo kazi hii imewahi kumwonyesha.

Ilianza na paka.
Mama aliacha shajara kumi na moja.
Gwenllian akazichapa zote kwenye kompyuta ya idara,
akamtafuta paka wa utotoni, *cath*,
mashine ikajibu: hayupo.
Hayupo vipi, na alikuwa akilala juu ya jiko?
Lakini Kiwelisi hubadili neno kichwa
kwa kutazama nani analimiliki:
paka wangu ni *nghath*, wa kaka ni *gath*, wa mama ni *chath*.
Mashine ilipewa sura moja
ya mnyama mwenye sura nne.
Basi akaandika nyuma ya bili ya umeme

(c|g|ch|ngh)ath

na paka akatokea mara mia mbili na tatu:
ana njaa, amekufa, ana mimba, ameiba siagi,
maana zile shajara hazikupangwa kwa tarehe.

Sasa huu mstari wa Osaka.

^(a+)+$

Mlafi ndani ya tumbo la mlafi.
Mtu kaandika *a* thelathini, kisha alama ya mshangao,
labda kwa furaha, labda mtoto kaegemea kibodi.
Mashine inabeba zote thelathini, inafika mwisho, inakwama.
Inarudi. Ishirini na tisa, halafu moja. Inakwama.
Ishirini na nane, halafu mbili.
Ishirini na nane, halafu moja, halafu moja.
Kila herufi ukiiongeza, safari inakuwa maradufu,
na mashine haijakosea popote. Inatii tu.

Mwendo huo anaujua.
Usiku ule Tegid alipobeba begi:
ningesema kaa. Ningenyamaza.
Ningesema kaa, kisha ningenyamaza.
Ningemfuata hadi kituo cha treni bila koti.
Miaka sita anarudi kwenye ngazi ileile
kujaribu mguu mwingine.

Anaandika kikomo. Hesabu hatua;
zikifika milioni kumi, simama, useme.
Lakini useme nini? Hapo anakaa muda,
chai inaota utando.
Mwishowe anaweka majibu mawili, kila moja na namba yake:
*hakuna*, na *nimeacha kutafuta*.
Mtu asije akayachanganya, anaonya kwenye maelezo.
Kuhusu Tegid, bado hajajua
arudishe namba ipi.

Kumekucha kijivu. Jibu linaingia kutoka Osaka:
*Imefanya kazi! Asante sana.
Tafadhali tuunganishe na idara yenu ya huduma kwa wateja.*

Anageuka kuitazama idara.
Imejikunja juu ya redieta,
sikio moja limeinuka,
inasubiri kuitwa kwa mojawapo ya majina yake manne.