Mteremko wa Bure

Mwaka ule petroli iliuzwa kando ya barabara
kwa chupa za achari, rangi ya chai hafifu,
na muuzaji alikuwa mwalimu wangu wa hesabu.
Baba alipima kwa kijiti, akalipa, akakunja uso,
kisha tukapanda kutoka Martuni, magunia sita ya viazi
yakiinamisha kitako cha Zhiguli
hata taa za mbele zikawa zinamulika mawingu.

Juu kule Selim, penye nyumba ya mawe
walikolala wenye ngamia karne zile,
alisimama. Hakusimama kupumzika.
Alitoka, akapiga teke kila gurudumu,
akarudi, akaweka nyutro,
akazungusha ufunguo nusu bila kuuchomoa.
"Ukiuchomoa, Arpenik, usukani unajifunga,
na mama yako atatulilia wawili kwa mshumaa mmoja."

Injini ikafa.
Kilichofuata sijui nikiite nini.
Si kimya, maana upepo ulipiga mluzi kwenye mpira wa dirisha,
viazi vikasogezana guniani kama wazee kanisani,
springi fulani ikalia chini ya kiti.
Lakini ile sauti ya kuungua, sauti ya kulipa,
haikuwepo.

Kona ya kwanza. Ya pili. Ya nne, penye ng'ombe.
Breki alizigusa kama mtu anayeonja chai kwa ncha ya ulimi.
"Usizimalize," alijinong'oneza,
nami nikadhani breki nazo zinauzwa kwa chupa.

Baba hakuwa msemaji. Nyumbani maneno yake
yalikuja kama mgao wa umeme, saa moja kwa siku.
Ila humo, kilomita zile zisizo na gharama,
alifungua kinywa.
Aliniambia kiwanda cha redio kimefungwa tangu Machi,
kwamba kila asubuhi alitoka na mkoba wake
akaenda kukaa ziwani
kuhesabu bata.
"Bata wangapi?" nikauliza. Nilikuwa na miaka tisa.
"Jumanne walikuwa mia moja na kumi na wawili."

Mama, tulipomsimulia safari (bila bata),
alisema rahisi ghali,
siku breki zikiishiwa nguvu mtaijua bei.
Hakukosea. Jirani yetu Vazgen alishuka hivyo hivyo na lori,
wakamwokota kwenye mizabibu, mkono umevunjika,
anauliza kama dizeli imemwagika.

Mwisho wa mteremko, kabla ya Shatin, kuna daraja,
na baada ya daraja kilima kifupi,
hata punda hakihesabu.
Hapo ndipo safari nzima ilipopimwa.
Arobaini, thelathini, kumi na tano,
Baba akainama mbele juu ya usukani,
nami nikainama, paji la uso karibu na kioo,
tukilisukuma gari kwa vifua, kwa kope,
"Njoo, mama, njoo,"
mpaka pua ikavuka na kila kitu kikawa chepesi tena.
Mara mbili tulishindwa. Tulishuka tukasukuma,
viazi vikitutazama.

Leo naendesha mimi. Gari halina ufunguo,
lina kitufe, lina akili zake,
na tangi limejaa.
Baba yuko kando yangu, kofia magotini.
Tumeshuka kona zote hasemi neno.
Injini inasema kwa niaba yetu.

Kisha daraja.
Sikumtazama. Nilijua tu, kwa mlio wa mkanda,
kwamba ameinama mbele,
na nikakuta kidevu changu kiko juu ya usukani.

Upande wa pili akaegemea kiti, akavaa kofia.
"Limekunywa kiasi gani?"
Nikamwambia kikombe, labda.
Akatikisa kichwa muda mrefu, kama mtu aliyeibiwa.