Egemeo

Kutoka Malindi mpaka Mpeketoni
mgongo wangu umejua vituo vyote:
Sabaki unanong'ona,
Gongoni unanuna,
Marereni, penye mashamba ya chumvi, unaanza kutukana,
na tukifika Garsen
hausemi nami tena.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama miezi saba juu ya tangi la pikipiki
na cha mvunguni nimekipata:
pingili ya tano kutoka chini.
Ina moto wake.

Dukani Maweni nilionyeshwa egemeo la plastiki,
jeusi, linang'aa kama viatu vya bwana harusi.
"Keti uone," akasema muuzaji.
Nikaketi dakika mbili.
Nani asiyestarehe dakika mbili?
Hata jiwe lina adabu dakika mbili za kwanza.

Tsofa alifunga mgongo wa kiti cha mkahawa
kwa mpira wa baiskeli.
Kiti kilishuka Minjila bila kuaga,
yeye akafika Witu.

Basi nikaenda Barani kwa Mbodze, mshona makochi.
Hakushika futi.
"Panda. Kaa unavyokaa
wakati hakuna anayekutazama."
Akaweka ngumi juu ya mkanda wangu,
akaipandisha polepole
kama mtu atafutaye mlango gizani.
Hapa? Juu kidogo. Hapa?
Nikafumba macho.
"Ndipo. Mabega yaache huru.
Kiuno ndicho kinachotaka mwenzake."

Makumbi ndani, akasema, sponji juu, na isiwe nene;
sponji nene hukudanganya mpaka Mambrui tu.
Turubai la lori, maana mvua ya Witu haipigi hodi.
Na lilale nyuma kiasi cha mtu anayesikiliza,
si kiasi cha mtu anayesinzia.

Kisha, kalamu sikioni:
"Nyuma hubebi mtu?"

Sikujibu upesi.

Nyuma alikaa Umazi.
Miaka minne, kifua chake mgongoni mwangu,
mfuko wa mofa umebanwa katikati, bado una joto.
Nilidhani mimi ndiye ukuta.
Alipopata uhamisho, wodi ya wazazi, Mpeketoni,
nikapanda peke yangu,
na kabla sijavuka daraja la Sabaki
nikajua nani alikuwa akimbeba nani.

Kuegemea, kutegemea:
herufi moja tu,
na barabara yote hii.

"Nikilikaza kwa nati nne," akasema Mbodze,
"nafasi yake imekwisha. Atakaa juu ya taa."
Akacheka. Mimi nikatazama taa.

Akatafuta kwenye kopo la maziwa
akatoa nati mbili zenye masikio,
zile za kufungua kwa vidole.
"Lishike sana ukiwa peke yako,
lijue kuondoka ukiwa naye."
Elfu tatu na mia mbili.
Nilimpa elfu tatu; mia mbili hajazisahau.

Jumamosi alfajiri nilipita Gongoni, mgongo haukununa.
Marereni ulitukana mara moja,
kwa mazoea.
Garsen nikanywa chai nimesimama,
si kwa maumivu, nilitaka kulitazama:
turubai la kijani limejaa vumbi
isipokuwa pale penye umbo la kiuno changu.

Umazi akatoka getini na sare yake ya zamu.
Salamu ikamkatikia njiani.
"Na huyu nani?"

Nikafungua nati ya kwanza.
Ya pili imeshiba vumbi, ikagoma.
Akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya sare,
tukalishika wote wawili,
yeye sikio moja, mimi sikio la pili,
tunavuta, tunabishana ni kulia au kushoto.