Orodha ya Jengo Namba Tisa

Kaunti ilinituma na futi ya chuma,
daftari, na kalamu inayovuja,
nikaandike kila kisichopaswa kufa
katika duka la marehemu Devshi Kachra,
nyuma ya stesheni ya Kisumu,
kabla ya mnada wa Ijumaa.

Nikaandika:
nguzo sita za mawe ya Kisian, moja ina ufa
unaomeza sarafu ya shilingi kumi.
Mlango wa mvule, misumari mia na nne
(nilihesabu tena, ikawa mia na tatu).
Mwaka juu ya mlango: 1926. Ile sita imeliwa na chokaa,
wengine husoma sifuri.
Mabati mapya, ya kodi zetu.
Rangi: samli. Ndivyo zabuni ilivyosema, "rangi ya samli",
na fundi Wekhomo akaichanganya mara nne
mpaka mjukuu wa Kachra, aliyeko Leicester,
akaiona kwenye simu, akasema: hapo. Simameni hapo hapo.

Masharti ya mauzo ni kumi na mawili.
Mnunuzi asiongeze ghorofa.
Asing'oe ngazi.
Asibandike vigae vya bafuni mbele ya duka.
Asipake nguzo rangi ya kampuni ya simu.
Nimeyapiga chapa mwenyewe, na nayaamini.
Niliona namba saba ikienda, na namba nne,
tingatinga limekuja asubuhi ya Jumapili
mji ukiwa kanisani.

Ngazi ina vipandio kumi na vinne.
Cha sita kimebonyea katikati kama kijiko.
Nikapima: sentimita mbili na nusu.
Nikakaa juu yake. Sikuwa nimepanga kukaa.
Babu yangu Okinda alipandisha marobota ya pamba hapa,
chumba cha juu kikijaa mpaka dirishani,
na hata alipozeeka, akilala, mgongo haukunyooka.
"Juu kule niliingia kila siku," alisema,
"sikuwahi kukaribishwa."
Sasa kaunti inauza unyayo wake,
bei ya kuanzia milioni kumi na nane,
na kwenye safu ya Hali nimeandika:
imechakaa, ihifadhiwe.

Barazani Turufena Aloo hakusimamisha cherehani.
Miaka thelathini na mmoja ya sare za shule,
mifuko miwili, vifungo vitano, pindo la kukulia.
Aliniuliza kama naye nitampima.
Nikacheka.
Yeye hakucheka.
Jumatano nikakuta ameandika kwa chaki ya kukatia nguo
kwenye ubao wa dirisha, mwandiko safi wa darasa la saba:

Mwauza dari na nguzo, na ngazi zake za mbao,
Na bei yenye mwongozo, na muhuri wa kikao,
Nami sitaki mzozo, nataka tu jibu lao:
Kivuli ninamoshona, kimeandikwa ni wapi?

Daftari langu halina safu ya kivuli.
Nikampelekea swali mkubwa wangu, Bwana Owaga.
Akasema kivuli si mali isiyohamishika;
kinahama, tangu saa tatu mpaka saa kumi.
Akafurahia neno lake, akarudi kwenye chai.

Usiku ule, mvua ya ziwani ikipiga mabati,
niliongeza mstari ambao hakuna aliyenituma:
Kumi na tatu. Barazani, upande wa nguzo yenye ufa,
ipo cherehani moja, na mwenyewe.
Visiondolewe.
Nikaibana karatasi pamoja na zingine,
pini ikanichoma kidole.

Ijumaa dalali alisoma haraka,
kama mtu anayekula mbuta akiogopa mwiba.
Wanunuzi walitazama nguzo, walitazama saa zao.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Alipomaliza la kumi na mbili alifungua ukurasa wa mwisho,
akausoma kimya, midomo ikicheza,
akamtafuta Bwana Owaga kwa macho.

Nyuma yetu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii,
cherehani ilinyamaza.