Daftari la Wazazi, Mlowa

Machi, nimeishiwa mistari.
Kitanda kimoja, mama wawili,
na wa tatu, Nyemo, kaja na tope la palizi
hadi magotini. Jembe kaliegesha mlangoni
kama mtu anayerudi sasa hivi.

Oktoba ukurasa mzima
ulikuwa na majina manne, na vumbi.

Nahesabu kwa vidole, kinyumenyume,
hadi tisa; naangukia Juni.
Uwele umeshaingia ghalani,
Mbeleje karudi na fedha za Kibaigwa,
kipupwe kinapiga tembe usiku kucha
na blanketi ni moja.

Basi. Wala si mambo ya nyota.
Shibe ndiyo mkunga wa kwanza;
mimi wa pili, na chemli yangu.

Maana mwaka ule mvua iligoma,
Juni wanaume wakalala Kilosa, kwenye vibarua vya miwa,
na Machi iliyofuata nikafagia wodi tupu,
nikisikiliza popo darini.

Nyemo anasukuma.
Kati ya uchungu na uchungu
ananiuliza kama mvua imekata:
kabakiza mistari saba.