Kulungu Anatazama Kushoto

Forodhani walinifungulia sanduku:
soksi, dawa ya kifua, picha ya Vazha akiwa na meno mapya,
na vibao vinne vya mpeasi nilivyovikunja ndani ya taulo.
"Hivi ni vya nini?"
Kiitaliano changu wakati ule kilikuwa maneno kumi na mawili,
na "chapa" halikuwamo.
Nikamshika mkono yule kijana, nikamgandamizia kibao kiganjani.
Samaki akaonekana, hafifu,
kisha ngozi ikamsahau.
Akanipungia nipite.

Wasemao mwacha asili ni mtumwa
hawajawahi kuiweka asili kwenye mizani ya uwanja wa ndege
wakaambiwa: imezidi kilo mbili, punguza.
Nilipunguza viatu.

Hapa Bari namtunza Sinyora Addolorata,
miaka tisini na mmoja, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Mgeni siku mbili; ya tatu nilipewa beseni,
kitana, na ratiba ya vidonge kwa mwandiko wa mwanawe.
Ananiita Lucia. Lucia alikuwa dada yake.
Nimeacha kumsahihisha.

Saa tatu usiku anameza cha mwisho, analala.
Naitoa ndoo ya nili chini ya sinki,
nahamisha bakuli la matunda, natandaza magazeti.
Kutaisi, shangazi Tsiuri alichapa vitambaa vya meza:
samaki, kisu, uma, kulungu,
karamu nzima kabla moto haujawashwa.
"Hata siku ya njaa," alisema, "meza isiwe tupu."
Siku za njaa zikaja.
Tukala mkate mkavu juu ya samaki wa buluu,
tukifuata mapezi yao kwa kidole.

Kibao changu cha kwanza cha huku
nilikichonga kwenye kipande cha sakafu ya zamani ya bafu:
balkoni, kamba ya nguo, antena,
na jina langu kwa herufi za kwetu, mviringo kama mashikio ya vikombe.
Nikasahau sheria ya kwanza ya kazi,
kwamba chapa hukaa kinyume ili neno likae sawa.
Jina likatoka limegeuka, linarudi lilikotoka.
Nililia kidogo, kwa hasira kuliko huzuni.
Halafu nikacheka. Nani mtaani humu angejua?
Kwa macho ya huku Lamzira sawa na Lamzira kinyume
ni mapambo yaleyale.

Usiku mmoja wa Februari nikasikia slipa ukumbini.
Sinyora alisimama mlangoni, akaitazama meza.
Nikangoja kugombezwa.
Akageuka. Droo ikakwaruza. Akarudi amekumbatia
shuka la kitani, herufi zake mbili pembeni kwa uzi mwekundu.
Alilidarizi akiwa na miaka kumi na sita.
Yako kumi na mawili. Halijatandikwa hata moja.
"Lucia, weka samaki."
"Ni zuri mno, sinyora."
"Zuri mno," akasema, "ndiyo iliyolizeesha."

Nikaweka samaki.
Yeye akambonyeza kulungu,
kwa kiganja chote, kwa uzito wa mtu
aliyekanda unga miaka themanini.
Kwenye kibao cha shangazi kulungu hutazama kulia, mlangoni.
Kwenye shuka la Addolorata anatazama kushoto, dirishani.
Mnyama ni mmoja.
Sijui yupi ni picha ya mwenziwe.

Asubuhi nikalianika balkoni.
Chini, Nunzia anayeuza tambi akainua uso,
akaziba jua kwa mkono uliojaa unga:
"La nani hilo? Lako au lake?"
Nikafungua kinywa.
Tone moja la nili likanitangulia,
likatua katikati ya tambi zake.
Akapiga ukelele, mtaa mzima ukachungulia,
nami nikashuka ngazi mbilimbili na kitambaa mkononi,
kuomba radhi kwa lafudhi yangu.